Nauza gari yangu RX-8 ama naiwacha kwa mamangu huku Barani, Malindi? Nasafiri mwezi wa tisa

kijana_wa_barani

Salaam wakuu. Nna jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa, najua wengine mtanicheka, chekeni kisha mnipe akili. Mimi ni nesi hapa Malindi, nimepata kazi hospitali moja Uingereza, mkataba wa miaka 3, viza ishatoka na tikiti ni ya mwezi wa tisa. Kila kitu nshapanga, godoro kachukua kakangu, friji imeenda kwa shemeji, imebaki gari tu.

Gari yenyewe ni Mazda RX-8 ya 2005, gia sita za mkono, nyekundu, zile ambazo milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume kama kabati. Nilinunua 480,000 kwa jamaa wa Nyali aliyekuwa ashachoka nayo, na tangu hapo nshatia kama 200,000 nyengine, koili zote nne, plagi nne, kluchi, betri mbili. Mafuta msiniulize. Injini ni ile ya rota isiyo na pistoni, 1308cc tu kwenye logbuku (hati ya umiliki) lakini ikipita mizunguko elfu sita haina habari na mtu, inalia kama nyuki waliochokozwa, na ukitoka Malindi alfajiri matatu hazijaamka, kile kipande cha baada ya Gede msitu wa Arabuko Sokoke uko kulia na lami iko tupu, wallahi unasahau kama una deni.

Sasa mambo ni haya. Mamangu anataka ibaki, anasema ikiwa pale chini ya mwarobaini watu wakipita wanajua mwanawe yupo. Mdogo wangu anasema ataiwasha kila Jumapili. Mke wangu, ambaye atanifuata baadaye, anasema uza, hizo pesa zitulipie chumba tukifika. Kuna dalali kanipa 350,000 nikaona kama ananitukana. Mimi natafuta 600. Niuze, niiwache, ama niipakie melini nende nayo?

fundi_wa_spana

Uza.

mpenda_resi_kilifi

Usiuze!!! Bro hii nchi sheria ni gari isizidi miaka 8 ndio iingie, na Mazda waliacha kuunda RX-8 mwaka wa 2012, kwa hivo piga hesabu mwenyewe, hakuna nyengine itashuka bandarini tena. Zilizoko ndizo zilizoko na kila mwaka moja inakufa kwa ajili ya mtu kutojua kuweka oili. Hii ndio familia ya injini iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans 1991, ile Mazda 787B, gari ya kwanza ya Japani kushinda pale. Wewe unataka kumuuzia mtu wa 350 ati kwa sababu unaenda miaka mitatu? Miaka mitatu ni kufumba na kufumbua. Iwache, itakungoja.

dalali_mpole

Ndugu yangu mpenda resi, adimu na kutafutwa ni vitu viwili. Hata mbuzi wa macho matatu ni adimu lakini nenda naye mnadani uone kama utapata mteja. Mimi naishi na hizi gari kila siku. Ukiniletea Probox saa mbili asubuhi saa nane ishaenda, ukiniletea Vitz hivo hivo. RX-8 watu wanakuja wanapiga picha wanakaa ndani wanauliza "inakula aje", ukiwajibu wanasema ngoja nirudi na mke wangu. Hawarudi. Wateja wa kweli wako wachache, vijana wa Mombasa na Nairobi, nao wote wanajua kuuliza swali moja tu, kompresheni ni ngapi, yaani injini inabana hewa kwa nguvu gani.

Kijana ukitaka niwachie mimi gari na logbuku, nitakuuzia polepole ukiwa huko.

mama_zawadi

Usithubutu kumwachia mtu gari na logbuku. Dalali samahani sikutukani wewe, nasema kwa yaliyonipata.

Mwanangu nikueleze. Nilienda Doha miaka minne, nikamwachia kakangu Vitz yangu, damu moja titi moja. Mwezi wa kwanza ananitumia picha inang'aa. Mwezi wa tatu picha zikakoma. Kumbe imekuwa teksi, inabeba watu Watamu na mirungi sijui ya wapi, siku moja ikagonga pikipiki karibu na Kilifi na bima ilikuwa imeisha wiki mbili. Sasa logbuku ina jina la nani? Langu. Mimi nasafisha vyumba vya watu Doha napigiwa simu na polisi ati nifike kituoni. Nililipa matibabu ya yule mtoto aliyekuwa kwenye pikipiki miezi saba, na kakangu mpaka leo tukikutana harusini anaangalia sahani.

Sisemi mdogo wako ni mbaya. Nasema gari ikiwa na mafuta na funguo ziko ukutani, na shughuli ya mazishi imetokea Marafa, na wazee wanauliza nani ana gari, huyo kijana atasema nini? Hata wewe ungeitoa.

kijana_wa_barani

Mama Zawadi pole sana. Hilo la mazishi limenigusa mana ni kweli kabisa, kwetu likitokea jambo gari yoyote ni ya ukoo.

Lakini mdogo wangu hata hawezi kuendesha vizuri hiyo gia, ataiwasha tu pale pale uani. Fundi, kuwasha kila Jumapili dakika tano haitoshi?

fundi_wa_spana

Nilisema uza nikanyamaza kwa sababu najua ukianza kueleza rota hulali. Haya sikia.

Injini ya kawaida ina pistoni. Yako ina vipande viwili vya pembetatu vinazunguka ndani ya chumba kama cha yai, na kila ncha ya pembetatu ina sili, kizibo chembamba kama kipande cha rula. Tatu kwa tatu, sita. Hizo sili ndizo uhai. Zinalainishwa na oili inayopigwa ndani makusudi, ndio mana gari yako inakunywa oili hata ikiwa nzima, ni kazi yake hiyo. Sasa ukiwasha dakika tano ukazima, injini haijapata moto, petroli imemwagwa nyingi kwa sababu ni baridi, inaosha ile oili kwenye sili, masizi yanabaki, maji ya moshi yanabaki kwenye sailensa. Jumapili ijayo tena. Jumapili ya tano haiwaki, imejaa petroli, huyo mdogo wako ataipiga stata mpaka betri ife kisha ataita fundi wa jirani, na fundi wa jirani ataanza kutafuta valvu. Haina valvu hata moja hiyo injini. Atafungua tu.

Rota haitaki kuwashwa. Inataka kuendeshwa, ipate moto sawasawa, ipigwe resi, ndio izimwe. Ama isiguswe kabisa. Hakuna katikati.

kijana_wa_barani

Fundi umenikumbusha kitu sikuwa nataka kukisema hapa.

Mwaka jana nilikuwa zamu ya usiku, lori la maji likaja Barani asubuhi, gari yangu imeziba njia. Mdogo wangu akaiwasha akaisogeza mita tatu hivi, akazima, akarudisha funguo, kazi nzuri. Mimi nikarudi saa mbili nataka kwenda msikitini baadaye mana ilikuwa Ijumaa. Napiga stata, inazunguka haraka haraka bila uzito kama feni, hakuna kitu. Harufu ya petroli mpaka chumbani. Nikatoa plagi zimelowa kama zimeoshwa. Nikakaa nazo kwenye jiko la mama nazikausha juu ya mkaa, mama ananiangalia tu. Nikarudisha, nikakanyaga eksileta mpaka chini kama nilivyosoma, mana ukikanyaga yote kompyuta inakata petroli, nikazungusha, wapi. Mwisho vijana sita wa bodaboda wakaisukuma kwenye ule mchanga mpaka kwenye lami, nikatia gia ya pili nikaachia kluchi, ikashika.

Lakini ule moshi!! Mweupe, mzito, unakaa haupandi. Na jirani alikuwa ameanika kanzu tano za Ijumaa. Sikuenda msikiti ule, nilienda mwengine.

mpenda_resi_kilifi

😂😂😂 kanzu tano

Lakini hiyo si sababu ya kuuza hiyo ni sababu ya kumpokonya mdogo wako funguo

mwana_wa_amu

Nimesoma uzi wote nikicheka, sasa na mimi nichangie mana wote mwasema injini, hakuna aliyesema chumvi.

Mimi ni wa Amu, yaani Lamu. Gari yangu hukaa Mokowe mana huku kisiwani ndia zetu ni za punda, ukitaka gari uvuke kwa boti kwanza. Mwaka moya nilisafiri miezi minne, nikaiwacha pale karibu na jeti, nimeifunika turubai nzuri nikajiona mjanja. Nilipokuya nikafunua, mbwene mambo. Lile turubai lilikuwa limeshika umande wa chumvi ndani, bodi imetoka malengelenge, breki za nyuma zimeshikana na diski kama zimechomelewa, na panya amezaa kwenye kichungi cha hewa, watoto wane, wamelala juu ya waya walizozitafuna wenyewe. Gari ilikuwa nzima siku nilipoizima.

Wazee wetu jahazi likipandishwa pwani hawaliwachi vivi hivi, hupakwa deheni (shahamu na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) mbao za juu, na mtu huya kulitizama. Na hiyo ni mbao iliyozoea mai ya bahari! Sasa wewe wataka bati la Japani likae miaka mitatu Barani, kusi imevuma, kaskazi imevuma, masika matatu, mlinzi wake ni mwarobaini.

kijana_wa_barani

Barani si pwani kabisa lakini. Tuko ndani kidogo.

mwana_wa_amu

Yakhe, shika kufuli ya mlango wenu wa nje kisha ulambe kidole.

kijana_wa_barani

...

Sawa.

pwani_mpaka_leeds

Wacha na mimi nitie neno kwa lile swali la kuipakia melini, mana hapo ndipo watu hupoteza pesa kwa mapenzi. Nina miaka sita huku Uingereza.

Kwanza, RX-8 huku ziko tele na ni rahisi, ziliuzwa nyingi sana zilipotoka. Sasa hivi watu wanaziuza za injini mbovu kwa pesa ambayo hata kusafirisha yako haitatosha. Ukiileta ni kama kupeleka mnazi Kaloleni. Kuna msamaha wa ushuru kwa mtu anayehamia, gari iwe yako umeitumia angalau miezi 6 kabla ya kuja, kwa hivo hapo ungepita. Usukani pia uko upande wa sawa. Lakini ikishafika? Bima ya mtu mgeni asiye na historia huku, kwa gari ya spoti, utalia. Leseni yako ya Kenya inakubalika miezi 12 tu, kisha ni mtihani wa nadharia na wa barabarani kama mtoto wa shule, Kenya haiko kwenye orodha ya wale wa kubadilishiwa moja kwa moja. Ushuru wa barabara unaenda na moshi wa gari, zile RX-8 za nguvu kubwa zilizosajiliwa baada ya Machi 2006 zinapita pauni 600 kwa mwaka. Na wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Yaani mwana wa Amu utakimbia chumvi ya bahari uje ukute wanaimwaga kwa lori.

La pili, na hili hakuna aliyelisema. Ukikaa nje miaka miwili kwenda juu na ukawa na gari yako huku umeimiliki na kuitumia mwaka mzima, ukirudi Kenya kuhamia kabisa unaruhusiwa kuingiza moja bila ushuru kama mkaazi anayerejea, mradi iko ndani ya ile miaka 8. Soma masharti yote vizuri kwanza kabla ya kununua chochote. Lakini ona hesabu, unang'ang'ania gari ya 2005 wakati ukirudi unaweza kurudi na mpya zaidi.

mpenda_resi_kilifi

Mpya zaidi lakini haina rota

pwani_mpaka_leeds

Haina rota, ina amani.

mama_zawadi

Na nesi mpya huko mshahara wa kwanza unaisha kwenye koti na kodi ya nyumba, muulize mkeo hesabu anayofanya mana naona yeye ndiye mwenye akili katika hii nyumba.

kijana_wa_barani

Nimewasikia. Mke wangu amesoma hapa amecheka, anasema Mama Zawadi aje ale biriani kwetu.

Swali. Fundi, na mtu aking'ang'ania kuiwacha kabisa bila kuguswa, yafanywe nini?

fundi_wa_spana

Badilisha oili siku ya mwisho, si kabla. Endesha mpaka Mambrui na kurudi ipate moto vizuri ndio uzime kwa mara ya mwisho. Tangi lijae, lililo nusu linashika maji ndani. Betri itoke kabisa iingie nyumbani. Hendibreki usivute, tia gia ya kwanza na jiwe kwenye tairi, mana ukivuta utakuta ile aliyokuta mwana wa Amu. Iinuliwe juu ya stendi tairi zisikae upande mmoja. Toa plagi utie oili kidogo mle ndani, uzungushe kwa mkono, urudishe. Ziba sailensa na njia ya hewa kwa kitambaa, na ufunge kitambaa chekundu kwenye usukani mtu asisahau kiko mle. Na iwe ndani ya chumba chenye mlango, si chini ya mti. Una chumba?

kijana_wa_barani

Sina.

fundi_wa_spana

Basi uza. Lakini kabla hujauza njoo tupime kompresheni, usiende sokoni hujui una nini. Kipimo cha kawaida hakifai, rota moja inatoa namba tatu, kuna mashine yake, jamaa yangu wa Mombasa anayo. Mazda wenyewe wanahesabu kilo 6.9 kwa sentimita mraba ndio mwisho wa chini. Juu ya hapo una gari, chini ya hapo unauza viti na rimu.

Na nikuulize, ikiwa na moto, umetoka safari ukazima kwenye sheli, inawaka mara moja ama inafikiria?

kijana_wa_barani

Siku hizi inafikiria kidogo 😬

dalali_mpole

Hiyo "kidogo" ndiyo 350 yangu mliyoitukana.

kijana_wa_barani

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili na nusu, samahani kwa kimya, zamu zilikuwa nyingi.

Tulienda Mombasa kupima. Niliondoka alfajiri makusudi nipate ile lami ya msituni mara ya mwisho na nikakuta lori la chumvi la Gongoni mbele yangu mpaka Matsangoni halipitiki, nikaenda kilomita 50 kwa saa na gari ya spoti nikinusa dizeli. Majibu, rota ya mbele 7.4, 7.3, 7.4. Rota ya nyuma 7.0, 6.9, 7.1. Fundi akaangalia ile karatasi akasema iko hai lakini imeanza kuandika wasia.

Nikaweka tangazo na picha ya hiyo karatasi na nikaandika wazi ikiwa na moto inachelewa kuwaka. Dalali alinipigia simu akaniambia kijana unaharibu soko. Lakini siku ya tatu akaja kijana wa Mombasa, hakuuliza inakula aje, alikuja na tochi yake akalala chini ya gari dakika ishirini, akainuka mgongo mzima mchanga akasema 400. Nikasema 500. Tukaishia 430. Anataka kuifungua injini mwenyewe aijenge upya, ana nyengine nyumbani ya kutoa spea. Pesa zimepita benki zote, na uhamisho nimeuanzisha mimi mwenyewe kwenye akaunti yangu ya eCitizen (tovuti ya serikali) kwa NTSA, ile mamlaka ya usafiri, yeye akakubali na kulipa tukiwa tumekaa meza moja, na funguo sikutoa mpaka nikaona imekwenda. Mama Zawadi hapo nilikuwa nakusikia sikioni.

Sasa kisa cha mama. Nilikuwa naogopa kumwambia, nikazunguka zunguka, nikaanza habari ya sili na oili. Akanikata. Akasema kwani nani alikwambia nalitaka? Nikamwambia si wewe ulisema watu wakipita wajue niko. Akasema hilo nililisema ili usione naharakisha uondoke. Mimi kila asubuhi nafagia majani yanazunguka lile ligari, watoto wa jirani nawafukuza mimi, paka kazaa chini yake nikavumilia. Nimelea saba, sitaki wa nane wa bati.

Nilikaa kimya tu. Miaka yote hii!

mama_zawadi

😂😂😂 Mpe salamu zangu mamako. Wa nane wa bati!

mwana_wa_amu

430 ni bei ya haki. Safari njema yakhe, Mola akufikishe salama.

mpenda_resi_kilifi

Inauma lakini angalau imeenda kwa mtu anayejua. Huyo wa Mombasa aje huku atuwekee picha akifungua

dalali_mpole

Hongera. Nimejifunza kitu, sitasema nini.

pwani_mpaka_leeds

Ukitua niandikie inboksi. Koti usinunue Malindi wala Nairobi, utadanganywa. Nna moja la ziada.

kijana_wa_barani

Shukran wote. Jamani nimebakiwa na lita mbili na nusu za oili hazijafunguliwa na kifuniko cha buti cha ndani nilichosahau kumpa, mtu wa Malindi anayetaka oili aje achukue bure kabla ya Jumamosi, kifuniko nampelekea mwenyewe.

fundi_wa_spana

Oili niwekee mimi.